Ngoma kali, video safi, mtandaoni kimya: msanii huru wa Mombasa akwama wapi?

#1 SautiYaKisauni

Wana Pwani, salaam. Nataka majibu ya watu walioifanya kazi hii kwa mikono yao. Mie naimba, sina lebo, sina meneja. Ngoma yangu mpya nimerekodi Bombolulu, video tumepiga Mama Ngina na vichochoro vya Mji wa Kale, na kila aliyeiona ameisifu. Nimeipakia YouTube, linki nimeimwaga Facebook na kwenye magrupu yote ya WhatsApp niliyomo. Siku mbili watu wakaingia, ya tatu kimya. Na hapo hapo ngoma ya Dar ikitoka asubuhi, magharibi hupandi tuktuk usiisikie.

Msimamo wangu ni huu: Mombasa haina upungufu wa vipaji, tunachokosa ni ujuzi wa kuisukuma kazi mtandaoni. Pesa ya promo niliyobaki nayo ni ndogo. Niianzie wapi?

#2 Kibirikizi

Umejijibu mwenyewe mwishoni: pesa. Hao unaowaona wanatrendi wamelipiwa. Kata kipande cha sekunde 15 chenye kiitikio, kiwekee tangazo la kulipia Instagram na Facebook, chagua Mombasa, Kilifi na Kwale, umri 18 hadi 30. Anza na kidogo kwa siku, uongeze ukiona matokeo. Kumwaga linki kwenye magrupu ni kuwachosha watu, nusu yao wameshakunyamazisha.

#3 Chepe_wa_Tudor

@Kibirikizi mie nililipia. Watazamaji walipanda, tangazo likaisha, wakashuka palepale, na waliobaki kunifuata hawakufika hata kumi. Tangazo lamleta mtu kwenye wimbo ambao hakuuomba.

Mleta uzi, kosa ni kudhani kazi yaanza siku ya kutoa video. Kiitikio chako watu wangekuwa wamekizoea TikTok wiki kadhaa kabla. Jirekodi ukiandika mstari, ukibishana na prodyuza kuhusu besi, ukiimba bila biti ukiwa kwenye foleni ya feri. Simu moja tu, mwanga wa jua, bila kamera ya kukodi. Video moja ya gharama halafu kupotea miezi mitano, hilo ndilo gonjwa letu Mombasa.

#4 FundiMitambo

Tusimpeleke mbio. @SautiYaKisauni wimbo uko YouTube peke yake, au umeupeleka pia kwa msambazaji wa kidijitali?

Nauliza kwa sababu nakaa studio na hili naliona kila wiki. Mtu amaliza mix saa sita usiku, saa saba wimbo uko YouTube, asubuhi aanza kulalamika. Msambazaji (DistroKid, TuneCore, CD Baby na wengineo) ndiye anayeufikisha wimbo Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack, YouTube Music, na kwenye maktaba ya sauti za TikTok na Instagram. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kama wimbo haumo kwenye maktaba ile, mtu akitaka kuutumia kwenye video yake haupati. Atairekodi sauti ikitoka kwenye spika, na jina litakalotokea pale ni lake yeye, si lako.

Bei zatofautiana. Kwa DistroKid walipa kwa mwaka, wapakia nyimbo utakavyo, lakini ukiacha kulipa nyimbo zaweza kuondolewa isipokuwa umelipia nyongeza ya kuziacha. Kwa CD Baby walipa mara moja kwa kila toleo, kisha wao wakata asilimia 9 ya mapato. Mwenye nyimbo mbili kwa mwaka na mwenye nyimbo kumi hawafai kuchagua sawa.

Kisha toa nafasi. Peleka faili wiki tatu au nne kabla ya tarehe ya kutoka. Ndani ya Spotify for Artists kuna fomu ya kuwaomba wahariri wauweke wimbo kwenye orodha zao, na ukiijaza angalau siku 7 kabla, wimbo huingia wenyewe kwenye Release Radar (orodha ya nyimbo mpya ambayo Spotify humtengenezea kila msikilizaji) ya wanaokufuata. Wimbo ukishatoka, fomu hiyo haikusaidii tena.

#5 SautiYaKisauni

Shukran Fundi. Uko YouTube na Mdundo tu. Mdundo nilipendelea kwa sababu watu wangu wapakua bure, hawana bando la kusikiliza mtandaoni kila siku. Kwani Spotify yalipa kila anayesikiliza?

#6 Kibirikizi

Yalipa kila unapochezwa, senti ndogo ndogo. Na bila wasabskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa, YouTube nayo haikupi kitu. Ndiyo maana nasema lipia matangazo ufike huko haraka.

#7 FundiMitambo

Yote mawili yataka marekebisho. Spotify, tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi malipo. YouTube, hayo masharti ni ya chaneli yako kuwekewa matangazo, na kuna njia ya pili: badala ya zile saa 4,000, video zako fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Lakini wimbo uliopelekwa na msambazaji waweza kuingiza pesa YouTube Music hata kama chaneli yako bado ina watu mia mbili. Hii njia wasanii wengi wa hapa hawaijui kabisa.

Na tafadhali, asije mtu hapa kumuuzia wasikilizaji. Spotify huwatoza wasambazaji faini kwa wimbo unaoonekana kujazwa wasikilizaji bandia, na msambazaji huigeuza kwa msanii au huutoa wimbo. Nimeona kazi ya mtu ya mwaka mzima ikifutwa hivyo.

#8 BintiLikoni

Nitasema lisilopendwa. Mwazungumza fomu na faini, hakuna aliyeuliza wimbo wasikikaje. Nyimbo zetu nyingi sasa hivi ni Dar iliyopita feri ya Likoni. Lafudhi ya Dar, biti ya Dar, hata kulia ni kwa Dar. Msikilizaji mwenye asili mkononi atafuta nakala ya nini?

Marapa wetu, Ukoo Flani, Cannibal, Sharama, Kaa la Moto: mstari mmoja wajua huyu ni wa Mombasa. Bendi ya Mombasa Roots walichukua chakacha, ngoma ya harusi zetu za Pwani, wakaivisha gitaa na kinanda, ikawa mali yao. Masauti katoka kwetu Likoni na sauti yake waijua hata ukiwa umelala. Mtandao hausukumi kitu kisicho na sura.

#9 Chepe_wa_Tudor

Kila uzi Likoni lazima itajwe, ada imelipwa sasa tuendelee 😄

Lakini dada, hao wa Dar mbona nao walianza kwa kuiga Wamarekani? Kuiga hakujawahi kumzuia mtu kupendwa.

#10 DadaWaMitambo

Jamani mimi ni DJ wa kike, napiga harusi za wanawake, kesha na kupamba, kuanzia Majengo hadi Bondeni na Kizingo. Niwaeleze jambo ambalo nyinyi wanaume wa studio hamlioni.

Usiku wa wanawake simu haziruhusiwi. Zawekwa mkobani au zakusanywa mlangoni, na akionekana mtu ameinua simu atatolewa. Kwa hivyo ngoma yaweza kuwa ndiyo inayovunja ukumbi, kina mama wote wamesimama, naambiwa niirudie, na mtandaoni hakuna hata kipande kimoja cha ushahidi. Mnahesabu TikTok mwasema ngoma imekufa, na mie Ijumaa nimeipiga kumbi mbili.

Lakini hao wanawake wakitoka pale waitafuta. Wanifuata kwenye meza: "Mamii, ile ya mwisho yaitwaje?" Nikiwatajia jina, mara nyingi hawaipati. Juzi kuna ngoma nzuri sana, kiitikio chasema "nishike mkono" mwanzo hadi mwisho, jina la wimbo ni la Kiingereza na limeandikwa kwa tarakimu na herufi zilizochanganywa. Nani ataandika hivyo saa nane ya usiku? Ipe ngoma jina la yale maneno ambayo mtu atatoka nayo mdomoni. Na jina lako la usanii lisiwe lile walilonalo wengine hamsini.

Kingine, mtuletee faili. Linki haina faida kwangu, ukumbini naunganisha laptopu na mikisa na mtandao ukikatika nimeaibika.

#11 FundiMitambo

Dada hapo kwa jina umegonga msumari. Majina yakifanana, Spotify huweza kuuweka wimbo wako kwenye ukurasa wa msanii mwingine kabisa. Ninao vijana wawili wa Changamwe ambao nyimbo zao ziko kwa mtu wa Brazil. Hurekebishwa kupitia msambazaji, ila huchukua muda, na wiki ya kwanza ndiyo uliyokuwa ukiitaka.

#12 MpwaniGhuba

Niko Muscat, nasoma huu uzi mapumziko ya kazi. Mwazungumza kana kwamba msikilizaji wa Mombasa yuko Mombasa. Sisi tulioko huku Oman, na wenzetu Dubai, Doha, Saudia, ndio tunaosikiliza mfululizo, kwa kuwa twapakumbuka nyumbani na intaneti twalipiwa. Chumba chetu Ijumaa ni taarabu, chakacha na bongo, zamu kwa zamu.

@SautiYaKisauni fungua YouTube Studio, sehemu ya hadhira, uangalie nchi. Wasanii kadhaa nimewaambia wafanye hivyo wakakuta Ghuba imo, nao walikuwa wanaposti saa nne za usiku ambapo sisi tumelala tayari kwa sababu ya zamu za alfajiri. Na mtazamaji wa nchi moja hamlipi msanii sawa na wa nchi nyingine, matangazo yana bei zake kila mahali.

#13 MzeeWaKaseti

Wanangu, nimewasoma. Niliuza kaseti miaka mingi, na majina ya maduka kama Assanand & Sons na Mbwana Radio Service wazee wenzangu wayajua. Wimbo wa taarabu wa marehemu Juma Bhalo au wa marehemu Zein l'Abdin haukungoja matangazo. Mteja aliingia dukani, muuzaji akamtazama, akajua huyu ni wa mapenzi yaliyovunjika au ni wa mafumbo ya mjini, akamwekea kaseti asikize kidogo. Alitoka nayo.

Maana yake muuzaji alijua watu. Nyie mnapakia wimbo kwa dunia nzima, na dunia nzima haina sikio. Kijana angetafuta watu mia moja wanaomtaka kweli, awe na namba zao, awatumie wimbo mmoja mmoja kwa jina. "Bi fulani, huu nimeutunga, nambie." Huyo atautuma kwa dada yake Tanga.

#14 Kibirikizi

Mzee heshima yako, lakini watu mia hawalipi studio. Na hizo kaseti zilidurufiwa mitaani wasanii wakaambulia patupu, tusizipambe.

#15 MzeeWaKaseti

Zilidurufiwa, kweli. Na zilifika Lamu, Tanga na Unguja kwa kudurufiwa huko huko. Wasanii walikula harusini, kaseti ndiyo iliyowafanya waalikwe. Sasa nyie mwategemea kaseti iwalishe.

#16 BintiLikoni

Mzee kamaliza. Pesa ya msanii huru wa Mombasa ni shoo: harusi, hoteli za Diani na Nyali, klabu za Mtwapa, kampeni za wanasiasa. Mtandao ni kadi ya kujitambulisha. Mwenye hoteli akikuomba linki umpe ukurasa mmoja wenye picha, nyimbo tatu na video yako ukiimba laivu. Wengi wetu hatuna hiyo video ya laivu!

#17 SpikaYaMjini

Nimefanya kazi redioni hapa mjini, niongezee upande huo kwa sababu vijana wameizika redio mapema. Kuna Pwani FM, Baraka FM, Bahari FM, Radio Rahma, Radio Kaya na nyinginezo. Mama wa Jomvu na dereva wa lori la Mombasa hadi Mariakani wanasikiliza hizo, kisha wanatafuta YouTube. Wimbo ukichezwa asubuhi utauona kwenye grafu yako ya mchana.

Shida ni jinsi mnavyotuma. Naletewa linki ya WhatsApp bila hata salamu, au faili lenye jina "mpya mix ya mwisho kabisa 3". Likishaingia kwenye kompyuta ya studio nani atalikumbuka? Liandike jina la msanii, kistari, jina la wimbo, na toleo safi lisilo na matusi. Sentensi mbili kuhusu wimbo ili mtangazaji apate la kusema. Namba ya simu inayopokelewa.

Na usajili: KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwa hakimiliki. Mirabaha ya redio hupitia mashirika ya kukusanya, MCSK wamekuwa wa watunzi, PRISK wa waimbaji na wapigaji, KAMP wa wenye rekodi. Kumekuwa na mivutano ya leseni, kwa hiyo hakikisha kwa KECOBO nani ana leseni mwaka huo kabla hujatia sahihi.

#18 Chepe_wa_Tudor

Redio bila "chai" ya mtangazaji? Mie niliambiwa nijipange ndipo nichezwe. Kituo sikitaji.

#19 SpikaYaMjini

Yapo, siyakatai, na ni aibu. Ukiombwa pesa nenda kipindi kingine. Vipindi vya usiku na vya wikendi vina njaa ya nyimbo mpya, na watangazaji wanaoanza wanatafuta wasanii wa kukua nao.

#20 Lofa_wa_Magongo

Nchangie tahadhari. Prodyuza mmoja aliniuzia biti akaapa ni yake. Wimbo ukapendwa, tukafurahi, halafu YouTube ikaleta taarifa kwamba kuna mwenye madai ya hakimiliki na mapato yote yaenda kwake. Kumbe biti ilipakuliwa mtandaoni na ilishauzwa kwa watu wengine kabla yangu. Prodyuza hapokei simu hadi leo. Mnasema "sukuma, sukuma": nilisukuma kwa pesa yangu wimbo uliomlisha mtu nisiyemjua.

#21 FundiMitambo

Pole sana ndugu yangu. Hili limekuwa donda. Biti nyingi za mtandaoni huuzwa kwa leseni isiyo ya kipekee, watu mia waweza kuwa nayo, na mmoja akiisajili kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, wengine wote wanadaiwa. Prodyuza akupe karatasi iliyotiwa sahihi: biti ni yake, umeinunua kwa masharti gani, na mgao wenu ni asilimia ngapi kwa ngapi. Hata ikiwa ni ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa wazi, uwe nao. Na chaneli ifunguliwe kwa barua pepe yako wewe. Wasanii wangapi hapa wamegombana na meneja, paswedi ikaondoka naye?

#22 Mwanamtongwe

Mbona hakuna aliyetaja Skiza, ile huduma ya Safaricom ya wimbo anaousikia anayekupigia simu? Binamu yangu alipata zaidi kwa miito ya simu kuliko YouTube. Ingawa kampuni ya simu yala karibu yote.

#23 SpikaYaMjini

@Mwanamtongwe hiyo ya kula karibu yote ilikuwa zamani. Sheria ya hakimiliki ilirekebishwa mwaka 2022: kwa miito ya simu, mwenye kazi asipungue asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na mtoa huduma wa kati 8.5. Msanii haendi Safaricom moja kwa moja, apitia huyo wa kati, kwa hiyo soma mkataba wake. Ukipata namba yako ya Skiza, iseme kwenye kila posti na kila shoo. Mtu haitafuti mwenyewe.

#24 SautiYaKisauni

Nimefungua YouTube Studio kama alivyosema @MpwaniGhuba. Kenya ni ya kwanza, Tanzania ya pili, na Saudia ni ya tatu, sikulitarajia hilo kabisa. Lakini grafu ya kubaki yanitisha: kabla ya nusu dakika zaidi ya nusu ya watu wameondoka.

#25 Chepe_wa_Tudor

Nimeitazama sasa hivi. Sekunde 38 za kwanza ni droni juu ya daraja la Nyali, kisha nembo ya studio, kisha nembo ya mpiga video, kisha wewe ukishuka kwenye gari la kukodi. Sauti yako haijasikika bado! Anza na kiitikio, nembo ziende mwisho. Kisha pakia video fupi, kipande cha ubeti wa pili pale unapotaja Kongowea, kile ndicho kitakachosambaa.

#26 Kibirikizi

Na ukikipakia, kiwekee tangazo. Bado nasimama hapo. Wimbo mzuri wenye mwanzo mzuri bila tangazo utaonwa na jamaa zako tu.

#27 BintiLikoni

Au na watu wa Saudia bila hata senti. Namuunga mkono Chepe kwa Kongowea, mara ya kwanza tangu uzi uanze.

#28 DadaWaMitambo

@SautiYaKisauni niletee faili kabla ya Alhamisi, niko Mwembe Tayari mchana. Toleo refu lenye biti tupu mwanzoni niweze kuliunganisha, na lisilo na sauti yako ukijitaja kila baada ya mstari. Nitalijaribu kesha la wikendi nikwambie kina mama wamesemaje.

#29 Mwanamtongwe

Kabla uzi haujapotea, nani amepokea kwa posta ile PIN ya AdSense, akaunti ya Google inayolipa pesa za YouTube? Salio lilipita dola 10 wakasema wametuma barua, sanduku langu la posta liko kavu.

#30 FundiMitambo

Huchelewa, usipanike. Hakikisha anwani ina namba ya sanduku na msimbo, Mombasa ni 80100. Omba nyingine baada ya wiki kadhaa, na ikishindikana kabisa hukuruhusu kuthibitisha kwa kitambulisho. Malipo yenyewe huanza ukifika dola 100. Na ujaze fomu ya kodi ya Marekani hapo hapo kwenye akaunti: usipoijaza Google waweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako ya dunia nzima, ukiijaza wakata asilimia 30 ya yale yanayotokana na watazamaji wa Marekani peke yake.

#31 Mwanamtongwe

Fomu sijaijaza. Naingia sasa hivi.